UKO WAPI SIKU HIZI?

Ndugu msomaji, hebu tuanze na salamu. Ukikutana na mtu mliyesoma naye, iwe Tegeta Kibaoni au Kariakoo, mtashikana mikono, mtaulizana habari za nyumbani, mtacheka kidogo, halafu litakuja lile swali: "Eh, na siku hizi uko wapi?" Mgeni wa lugha yetu angejibu, "Si niko hapa mbele yako, hunioni?" Lakini sisi wenyewe tunajua kinachoulizwa. Hatuulizi mahali, tunauliza kazi. Na kwa kuuliza kazi tunauliza jambo kubwa zaidi: siku hizi wewe ni nani, nikupe heshima ya kiasi gani, nikuite bosi au nishike mfuko wangu vizuri usije ukaniomba nauli.

Asiye na kazi naye ana jibu lake, nalo limetengenezwa na mji huu huu: "Nipo nipo tu." Litazame jibu hilo. Neno limerudiwa mara mbili, kama mtu anayejipapasa gizani kuhakikisha kwamba mwili bado upo. Mimi nimelitumia. Na kabla sijapata ujasiri wa kulitumia, nilidanganya kwa miezi mitatu. Nataka kuuchunguza uongo ule, si kwa sababu ni mkubwa, bali kwa sababu naamini wengi wetu vijana tumeuishi au tutauishi, na hakuna anayetuambia umetoka wapi.

Mwaka 2020 nilikuwa na miaka 27. Nilikuwa karani katika kampuni moja ya mjini iliyopata riziki yake kwa watalii. Watalii wakaacha kuja, dunia nzima ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, na mwezi wa saba tukaitwa mmoja mmoja ofisini, tukapewa barua na mshahara wa mwezi mmoja. Bosi alisema maneno mazuri. Sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni kwamba niliporudi Madale jioni ile, mama alikuwa anafunga genge lake, akaniuliza, "Umeshindaje huko kazini, baba?" Nikajibu, "Salama tu, mama." Basi. Neno lilikuwa limeshatoka, na neno likishatoka linataka kulishwa.

Kesho yake nikaamka alfajiri kama kawaida, nikapiga pasi shati, nikapanda daladala hadi Tegeta, nikapanda nyingine hadi mjini. Nikashuka Posta pamoja na wenye kazi zao, nikatembea haraka kama wao, mpaka nilipofika mahali ambapo haraka yangu ilikuwa haina mlango wa kuingilia. Nikaenda Feri, nikatazama pantoni likienda Kigamboni na kurudi. Siku nyingine nilikaa bustani ya Mnazi Mmoja. Saa kumi na moja jioni nilirudi nimechoka kweli kweli, kwa maana hakuna kazi inayochosha kama kuigiza kazi. Mama ananiwekea maji ya kuoga. Ananipa kipande kikubwa cha samaki kwa sababu mimi ndiye nimetoka kutafuta. Na mimi nakila.

Katika siku hizo niliingia pia kwenye semina moja ya vijana, ile ya kufundishwa kujiamini. Kiingilio nililipa kwa pesa iliyobaki ya barua. Msemaji alikuwa na suti na kipaza sauti, na alitufundisha kusimama mbele ya kioo kila asubuhi tukisema, "Mimi ni mshindi." Nikajaribu. Kioo cha nyumbani kwetu kimepasuka katikati, hivyo nikawaona washindi wawili, wote wawili hawana kazi. Sisemi hivyo kwa kubeza. Yule bwana alikuwa akitafuta riziki yake, na kuna waliotoka pale na moyo. Lakini kwangu dawa ile haikushika, na nimetumia muda mrefu kufikiri kwa nini. Nadhani ni hivi: kioo hakijawahi kumwamini mtu. Kioo kinarudisha ulichokipelekea. Ukikipelekea hofu iliyovaa shati, kinakurudishia hofu iliyovaa shati.

*

Sasa swali la kimaadili. Je, katika miezi ile mitatu nilimkosea nani?

Jibu la kwanza nililojipa ni kwamba sikumkosea mtu. Namfichia mama asipate presha. Anayemfichia mzazi uchungu si mwongo, ni mtoto mwema. Na kweli sisi watu wa pwani tunaheshimu sitara. Si kila jambo la ndani hupelekwa barazani. Lakini wahenga hao hao walisema, "Mficha uchi hazai." Kuna sitara inayomlinda mtu na kuna sitara inayomfungia dawa nje ya mlango. Kama kweli nilikuwa namhurumia mama, mbona nilikuwa nakula kipande kikubwa cha samaki? Huruma ingekula kidogo.

Jibu la pili ni kwamba nilimdanganya mama, na uongo ni uongo, shauri limekwisha. Jibu hili ni safi lakini halinitoshi, maana halielezi kwa nini mtu asiye mwongo kwa tabia anaanza kudanganya siku ile ile anapopoteza kazi. Wizi sikuanza siku ile. Ulevi sikuanza. Kwa nini uongo tu, tena uongo wa namna hiyo hiyo moja?

Jibu la tatu limenijia baadaye, nalo ndilo ninaloliamini: nilidanganya kwa sababu niliamini jambo fulani juu ya mtu, jambo ambalo sikulichunguza. Niliamini kwamba mtu bila ajira si mtu kamili. Kwa hiyo kusema "sina kazi" hakukuwa kutoa habari, kulikuwa kukiri kwamba mimi sipo. Nani atakiri hivyo mbele ya mama yake?

Imani hiyo sikuizua. Niliirithi, tena naweza kukuonyesha nilipoirithi.

Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam. Mwaka 1983 Serikali ilipitisha Sheria ya Nguvukazi. Miaka ile hali ilikuwa ngumu, maduka matupu, na ikaonekana kwamba mjini kuna watu wengi wasiozalisha. Ikaanza misako. Uliyekutwa mtaani saa za kazi bila kitambulisho cha kazi, uliweza kuhesabiwa mzururaji, ukasombwa na kupelekwa vijijini ukalime. Baba alitusimulia jinsi alivyosimamishwa karibu na soko, akatia mkono mfukoni, akatoa kitambulisho, na wale wakamwambia, "Haya, mzee, pita." Wenzake wawili hawakupita. Kikaratasi kile kidogo chenye picha ndicho kilichomtenganisha mtu na mzururaji.

Halafu miaka ya 1990 upepo ukageuka. Serikali ile ile iliyowasomba watu kwa kutokuwa na kazi ikaanza kuyauza na kuyafunga mashirika yake, na maelfu wakapewa kile walichokiita redandasi. Baba aliondolewa mwaka 1994. Kiinua mgongo chake alinunulia kipande cha shamba huku Madale, wakati ule ni mikorosho na vichaka, na watu wakamcheka kwamba amejihamishia porini. Lakini kitambulisho hakukirudisha. Alikiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akawa anakihamisha kutoka shati hadi shati. Wenzake wakija kumtembelea na kuuliza, "Mzee, uko wapi siku hizi?" alijibu, "Tumepumzishwa kidogo, tutaitwa." Alijibu hivyo kwa miaka 20, mpaka alipofariki mwaka 2014. Hakuitwa.

Katika miaka hiyo 20 alijenga nyumba kwa mikono yake, chumba baada ya chumba. Alichimba kisima ambacho nyumba sita zilichota maji. Alipatanisha majirani waliogombea mipaka, na Madale mipaka si jambo la mchezo. Lakini ukimuuliza kazi yake, alikuwa hana. Alikuwa anasubiri kuitwa. Nilicheka kidogo nilipokuwa mdogo. Mwaka 2020, nikiwa nimekaa Feri na shati langu lililopigwa pasi, nilitambua kwamba shati langu na kitambulisho chake ni kitu kimoja.

*

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 25, inasema juu ya kazi maneno mazito: inaitaja kuwa ni kipimo cha utu. Mtu anaweza kusema, basi hapo ndipo baba yako alipofungwa, Katiba yenyewe inamhukumu. Nami nilidhani hivyo. Lakini hebu soma neno lililotumika. Ni kazi. Si ajira.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo tulipochanganya mambo. Kazi na ajira tumezifanya kitu kimoja, mpaka mama anayeamka saa tisa usiku kwenda kuchukua nyanya na kurudi nazo kichwani anaandikwa kwenye fomu kuwa "hana kazi, mama wa nyumbani," na kijana anayekaa ofisini akichezea simu mpaka saa kumi anaandikwa ana kazi. Ajira ni mapatano: mtu fulani amekubali kukulipa. Inaweza kuja leo na kuondoka kesho kwa sababu ya ugonjwa ulioanzia China au uamuzi uliofanywa Washington. Kazi ni kile unachokifanya ambacho kingepungua duniani kama usingekuwapo. Ajira inaweza kunyang'anywa kwa barua. Kazi haina barua.

Kama kazi kwa maana hii ndiyo kipimo cha utu, nakubali. Kwa kipimo hicho baba alikuwa mtu mrefu kuliko wengi, naye alikufa akidhani ni mfupi. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alikuwa na kila sababu ya kujiamini isipokuwa moja tu: hakuna aliyemwambia. Na mimi nikiwemo.

*

Siku moja, katika kuzurura kwangu mjini, nilinunua kitabu kikuukuu kwa wale wauza vitabu wa pembeni mwa barabara. Ni wasifu wa Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert. Nilikichagua kwa sababu kilikuwa chembamba na bei yake ndogo, na nilikuwa na saa nyingi za kuua. Kikaniua mimi.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880. Jina alilopewa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Kazi yao nyumbani ilikuwa ufinyanzi, naye alitembeza vyungu akivinadi. Hakusoma shule. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki na mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichokuwapo tangu mwaka 1905, na jina likabadilika likawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima na zaidi. Alifariki mwaka 1950.

Watu wengi husimulia habari hii kama ngano ya semina: ona, mfinyanzi akawa malkia, nawe unaweza! Mimi naona kitu kingine ndani yake. Sauti iliyoimba Bombay ndiyo ile ile iliyonadi vyungu. Siti hakujivua mtu mmoja akamvaa mwingine. Alichokuwa nacho shambani ndicho alichokwenda nacho mjini. Kilichobadilika ni kwamba alipatikana mtu mwenye masikio, akasikia ndani ya mnada wa vyungu kitu kinachofaa kufundishwa, akatoa muda wake kumfundisha mwanamke mtu mzima, maskini, asiye na ukoo wa kujivunia. Mtu yule alimwamini kabla hajawa na sababu ya wazi ya kumwamini. Wengine hawakumwamini hata baada ya sababu kuwa wazi. Walimtungia maneno ya kejeli juu ya sura yake na asili yake, kwamba tangu lini wa shamba naye akawa mtu. Hakwenda kujificha Fumba. Alijibu kwa wimbo, yaani alijibu kwa kazi.

Na huyo aliyetuandikia maisha yake, Shaaban Robert, mwenyewe aliajiriwa serikalini mwaka 1926 kama karani wa forodha, na ukarani wa ofisi mbalimbali ndio uliomlisha kwa miaka mingi. Leo nani anamwita karani? Ajira yake iliandikwa kwenye mafaili. Kazi yake tunayo mikononi.

Nasikia msomaji mmoja ananiuliza: mbona huwataji walioacha vyeo kwa hiari? Kweli wapo. Mwalimu Nyerere aliacha ualimu wa Pugu mwaka 1955 ili afanye kazi ya TANU. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama. Mwaka 1985 alitoka Ikulu akarudi Butiama kulima. Mara tatu aliachia kiti, na jina lililomfuata mpaka mwisho halikuwa la cheo chochote cha siasa bali la ile kazi ya kwanza: Mwalimu. Ni mfano mzuri, lakini tuwe wakweli. Anayeachia kiti anajua kwamba watu wanamtazama kwa heshima akiinuka. Anayevutiwa kiti chini yake anaanguka, na watu wanatazama pembeni. Tusimwambie mtu aliyeanguka ajifunze kwa aliyeinuka. Hawako mahali pamoja.

*

Sasa nikueleze jinsi uongo wangu ulivyokwisha.

Usiku mmoja mwezi wa kumi, mama alikuwa anachambua dagaa, akasema bila kuinua macho, "Kesho usiende mjini, mwanangu."

Nikasema, "Mama, nitachelewa kazini."

Akasema, "Wewe kazi huna. Tangu mwezi wa nane najua."

Nikanyamaza. Hatimaye nikamuuliza amejuaje. Akacheka, kwa kweli alicheka. "Tangu lini mtu mwenye kazi hamsemi bosi wake? Miaka miwili kila jioni ulikuwa unamsema yule bwana, mara hana shukrani, mara mchoyo. Ghafla umenyamaza. Nikasema, huyu hana bosi tena."

Nilitegemea kilio au lawama. Hakuna. Akaendelea na dagaa wake: "Yule mzee wa matofali pale bondeni, macho yamemsumbua. Vijana wanamwibia hesabu. Nimemwambia mwanangu anajua hesabu na si mwizi. Kesho saa kumi na mbili uwe pale."

Angalia alichokifanya, msomaji. Alikuwa amegundua kwamba namdanganya kila siku kwa miezi mitatu, halafu akaenda kwa jirani kunidhamini kwamba mimi ni mwaminifu. Aliweka jina lake rehani kwa ajili ya mwongo. Sijawahi kuona mantiki ya namna hiyo katika vitabu, lakini ilifanya kazi pale ambapo kioo kilishindwa.

Madale ni mahali pa ujenzi. Mlima wa Wazo na kiwanda chake cha saruji, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, viko jirani tu, malori hayakauki, na kila uchochoro kuna mtu anafyatua tofali. Nikaenda na daftari langu. Wiki ya kwanza nikakosea. Nilihesabu tofali 150 zikapakiwa kwenye Canter, mteja akapiga simu jioni kwamba ni 138. Ningeweza kusema mteja mwongo. Mzee asingeweza kujua. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia, "Mzee, nimekosea mimi. Nilihesabu nikiwa naongea na simu." Akanyamaza. Akasema, "Tofali 12 utazilipa kidogo kidogo." Nikaitikia. Halafu akatoa mfukoni ufunguo wa stoo ya saruji, akanipa. "Aliyekuwepo kabla yako," akasema, "hakuwahi kukosea hata siku moja."

Kuanzia asubuhi ile ndipo nilipoanza kusikia ndani yangu kitu ambacho ningeweza kukiita kujiamini. Na lugha yetu ilikuwa imenificha jambo hili mbele ya macho yangu siku zote. Kuamini, kuaminiwa, kujiamini: ni ndugu watatu wa tumbo moja, lakini kwa kuzaliwa wa mwisho ni kujiamini. Mtoto mchanga anaamini kwanza. Halafu siku moja anatumwa dukani na sarafu mkononi, anaaminiwa. Anaporudi na kiberiti na chenji ndipo anapotembea kifua mbele. Hakuna aliyeanza na la tatu. Semina zinatuuzia la tatu peke yake, tena kwa kiingilio.

Na kujitambua ni hivyo hivyo. Wayunani wa kale waliandika kwenye hekalu lao la Delphi kwamba mtu ajitambue, na Sokrate akalifanya agizo hilo kuwa shughuli ya maisha yake. Lakini hakwenda kujifungia chumbani. Alishinda sokoni akibishana na watu, wakimwonyesha naye akiwaonyesha. Mimi nilijifungia ndani ya shati langu miezi mitatu nikijitafuta, sikujiona. Mama aliniona kwa kunyamaza kwangu tu.

Kuna jambo moja alinifundisha mzee wa matofali ambalo sikulijua, ingawa nimekua nikipumua vumbi la saruji. Nilidhani tofali linakuwa gumu kwa kukauka. Akasema hapana. Ukiliacha likakauka upesi na jua, linabaki jepesi, ukilibana linamomonyoka. Saruji inakuwa gumu kwa kunywa maji. Ndiyo maana tunazimwagilia asubuhi na jioni, siku saba au zaidi, na mteja mwenye haraka tunamwambia asubiri. Nikafikiri, kumbe sisi tunaambiana kinyume chake. Kijana akifukuzwa kazi tunamwambia, "Kaza, jikaze kiume," tunamwacha juani peke yake ili awe mgumu. Halafu tunashangaa anapomomonyoka.

*

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuikimbia. Ikiwa kujiamini kunatokana na kuaminiwa, je, yule asiyeaminiwa na mtu? Asiye na mama wa kumdhamini? Je, si namkabidhi mtu kwa ndimi za majirani, wamwinue na kumwangusha watakavyo?

Hoja ni nzito, na sina jibu la kuimaliza. Naweza kusema mawili. Kwanza, si lazima uaminiwe na watu wengi. Siti alikejeliwa na mji, lakini alikuwa na wachache waliomsikia. Mtu mmoja anatosha kuanzia, na jambo dogo linatosha: hesabu ya matofali, ufunguo, mtoto wa jirani wa kupeleka shule. Usingoje uaminiwe na jambo kubwa ndipo ujione mtu. Na ukikosea katika dogo hilo, sema. Kosa lililosemwa ni sehemu ya udhamini.

Pili, na hili ndilo nililolijia, hoja hiyo inageuza swali la kimaadili likatuelekea sisi. Tumezoea kumuuliza aliyeanguka, "Kwa nini hujiamini?" kana kwamba ni ulegevu wake. Kama nilivyosema ni kweli, basi swali sahihi ni hili: nani ana deni la kumwamini, na kwa nini hajalilipa? Kujiamini kwa kijana si mali yake peke yake. Ni deni ambalo baadhi yetu tunadaiwa. Mimi nadaiwa na baba yangu, na yeye siwezi kumlipa tena. Ningeweza kumwambia jioni moja tu, "Baba, kisima hiki kinanywesha nyumba sita. Wewe uko kazini." Sikusema. Nilikuwa nangoja naye aitwe.

Biashara ya matofali inapanda na kushuka. Siwezi kukuahidi kwamba mwakani nitakuwa pale. Barua nyingine inaweza kuja, hata kama safari hii haitaandikwa kwenye karatasi. Shati lile bado ninalo, nalivaa kwenye harusi. Kitambulisho cha baba mama amekihifadhi kwenye Kurani yake, na sijamwomba akitoe.

Juzi Tegeta nilikutana na mtu niliyesoma naye. Tulisalimiana, tukacheka, halafu likaja: "Na siku hizi uko wapi, bwana?"

Nikamwambia, "Niko Madale. Kwetu. Na wewe, mama hajambo?"

Alinitazama kidogo, kisha mabega yake yakashuka. Akasema, "Hajambo. Ila mimi, ndugu yangu, kazi nimeachishwa tangu mwezi uliopita, na nyumbani bado hawajui."

Tukatafuta mahali tukakaa.